Kipo Kwenye Mpango

Kila Jumanne asubuhi, kabla ya kikao, mama wa usafi alichungulia kwenye chumba cha meza kubwa na kuuliza swali lile lile.

"Leo mnacheza nini? Maji au mchanga?"

Aliuliza kwa sababu ya vifaa. Wakicheza muswada wa bahari, maji yalijaa chumbani hadi kwenye vifundo vya miguu, na mkaushaji alikuwa yeye. Wakicheza wa jangwa, alihitaji ufagio mgumu na sepeto. Mara moja walicheza muswada wa theluji bila kumwarifu, akaja na kitambaa kikavu, na hakuwasemesha wiki nzima.

"Mlima," alijibu mhariri.

"Basi vumbi," akasema mama wa usafi, akaenda zake.

Kampuni ilikuwa ghorofa ya kwanza, juu ya duka la magodoro. Ilichapisha vitabu vya michezo ya mezani, ile ambayo watu hukaa kuzunguka meza, mmoja akawa msimulizi, na wengine kila mmoja akavaa mtu wa kubuni na kusema mtu wake anafanya nini. Penye shaka hurushwa dadu. Ukisema unaruka ukuta, dadu ndiyo itakayosema kama umeruka au umevunjika mguu. Hakuna anayeshinda. Watu wazima wenye ndevu na watoto hukaa hivyo mpaka chai ipoe, na wakiinuka husimuliana kama waliotoka safari.

Desturi ya nyumba ile iliwekwa na mwanzilishi. Hakuna muswada uliokatiwa shauri kabla ya kuchezwa kwenye meza kubwa, na aliyeuandika alikaa kama mchezaji, auone kwa ndani. Ukichezwa hadi mwisho, siku hiyo hiyo mwandishi aliambiwa ndiyo au hapana, usoni kwake. Yaliyoandikwa yalitokea chumbani, yakaishia kwenye kizingiti. Mwanzilishi alisema ni kwa sababu ya mbao za ile meza. Mkurugenzi wa sasa, ambaye ni mwanawe, alisema ni kwa sababu chumba hakina hewa ya kutosha.

Muswada wa Jumanne hiyo ulikuwa wa mchoraji wa kampuni, mume wa dada yake mhariri. Mchoraji huyu alikuwa amechora majoka ya vitabu sita, kuanzia *Joka la Kwanza* hadi *Joka la Sita*, na alikuwa amefika mahali ambapo hata akichora kuku, kuku anatoka na magamba. Akaomba ruhusa aandike kitabu kimoja kisicho na joka. Alikiandika Jumapili baada ya Jumapili kwenye meza ya jikoni kwake, mwanawe akimwangushia makombo juu ya karatasi. Kiliitwa *Mlima Usio na Mgongo*. Mji umekaa upande mmoja wa mlima, mto uko upande wa pili, na wachezaji wanatafuta namna ya kuyapitisha maji katikati. Basi. Hakuna hazina wala mfalme.

"Na joka je?" aliuliza meneja wa mauzo akivuta kiti.

"Hakuna."

"Hata dogo? La kufugwa?"

"Hata mjusi," alisema mchoraji.

Ofisi nzima ilimwita meneja huyo Wenye-Maduka, kwa kuwa kila alipofungua mdomo, wenye maduka ndio waliotangulia. Wenye maduka wanasema, wenye maduka wanataka, wenye maduka hawapendi jalada la kijani. Hakuwa mtu mbaya. Alijua jambo moja na alilijua vizuri: kitabu kinachotoka haraka ni kile ambacho mnunuzi tayari anacho. Aliyenunua *Joka la Tano* atanunua la Sita, apende asipende, kwa sababu pengo kwenye rafu linamkera kama jino lililong'oka.

Walikaa wanne. Mhariri alikuwa msimulizi. Mkurugenzi alivaa mzee wa mji, kwa vile hakupenda kuvaa mtu mwenye cheo kidogo. Wenye-Maduka alivaa muuza mafuta ya taa. Mchoraji alivaa mchimbaji. Mhariri alipoanza kusoma, kuta ziligeuka mwamba, vumbi likashuka juu ya vikombe, na chini ya meza pakafunguka mwanya wenye upana wa karai.

"Mchimba kisima huingia mwenyewe," alisema Wenye-Maduka akimkonyeza mchoraji. "Wewe ndiye uliyeandika. Tangulia, bwana."

"Naingia na taa," alisema mchoraji.

"Kuna upepo unatoka ndani," akasoma mhariri. "Rusha dadu tujue kama taa itadumu."

Mchoraji akarusha dadu huku ameshaanza kushuka. Waliona mabega yakizama chini ya meza, kisha kichwa, kisha mwanga wa taa ukipita kwenye nyufa za mbao. Dadu ilikuwa bado inazunguka juu ya ncha yake pale simu ya Wenye-Maduka ilipolia. Alisikiliza kidogo, akaifunika kwa kiganja.

"Wenye maduka wanaulizia *Joka la Saba*. Wanalitaka kabla shule hazijafungwa."

Mkurugenzi akasukuma kiti nyuma. "Tuache hapa."

"Bado mtu yuko ndani," alisema mhariri.

"Atatoka tukirudi."

Hawakurudi. Mwamba ulirudi kuwa ukuta wenye rangi ya maziwa, vumbi likapanguswa. Mwanya haukuziba. Dadu nayo haikuanguka. Ilizunguka siku ile na siku iliyofuata, palepale mbele ya kiti cha mchoraji, na mama wa usafi, ambaye ilimtia kizunguzungu kila alipofuta meza, akaifunika kwa glasi.

Mhariri alishuka kwenye duka la magodoro kuangalia. Muuzaji alimwonyesha dari. Ilikuwa nzima, nyeupe, ina feni.

"Hujasikia mtu huko juu?" aliuliza mhariri.

"Nasikia watu kila siku. Nyie si ndio mnaopigana na simba?"

"Ilikuwa mwaka jana."

"Ningependa kujua nani alishinda," alisema muuzaji. "Nililala na wazo hilo."

Mhariri alimwambia, kwa kuwa si siri, akapanda tena.

Dada yake alifika kabla ya saa za kazi kwisha. Alikuwa mwanamke mwembamba mwenye sauti ya watu watatu. Alipiga magoti chini ya meza, akachungulia, akaita, akaitikiwa. Walizungumza kidogo. Kisha akatoka, akakung'uta magoti, akamkabili kaka yake.

"Kaka, watu wazima na akili zenu, mmemwacha mume wangu shimoni mkaenda kula?"

"Hatukwenda kula. Tulikwenda kupokea simu."

"Ah. Basi samahani, nilidhani mmefanya upuuzi." Alitazama dadu chini ya glasi. "Na hii?"

"Hiyo ndiyo yake. Ikianguka, tutajua taa yake imedumu au imezimika, na njia itafunguka."

"Iangushe."

"Haiangushwi. Inabidi wote waliokuwepo wakae tena, tuendelee pale tulipoachia."

"Wanne tu? Watu hukusanyika arobaini kwa ajili ya harusi ya mtu wasiyemjua." Akavuta pumzi. "Mimi nilipoolewa na mchoraji nilidhani shida yangu itakuwa rangi kwenye mashuka. Mwanangu anauliza baba yuko wapi. Nimwambie nini?"

"Mwambie yuko kazini."

"Ndiyo maana inauma," alisema dada yake. "Kwa kuwa ni kweli."

Tangu hapo alikuja na kikapu na kamba. Alishusha chakula, nguo safi, wembe, penseli. Watu wa ofisini walizoea kuinua miguu akipita chini ya meza, na mkurugenzi alimwamkia vizuri kila mara na kumuuliza habari za nyumbani. Mara nyingine alikuja na mtoto, akamlaza kifudifudi ukingoni mwa mwanya, na baba na mwana wakapigiana hadithi. Siku jino la mtoto lilipong'oka, lilishushwa kwenye kikapu ndani ya kipande cha kanga, likakaguliwa, likarudishwa.

Mhariri alibaki ofisini wakati wa mapumziko, akakaa sakafuni na mkate wake. Alikuwa mtu wa maneno machache, lakini udadisi ulimla.

"Shemeji, huko ni kama ulivyoandika?"

"Mwanzo, ndiyo. Hatua zile nilizoandika zipo, hata ile ngazi yenye kipande kilichovunjika." Sauti ilitoka mbali kidogo, kama ya mtu aliye chooni. "Lakini mimi niliandika kurasa mia mbili, shemeji. Zimekwisha siku nyingi. Mlima unaendelea."

"Unaendelea vipi?"

"Subiri nikuchoree."

Karatasi zikaanza kupanda na kikapu. Kulikuwa na ukumbi ambamo upepo umelala pembeni, umejikunja kama mbwa, na watu wanapita kwa vidole wasiuamshe. Kulikuwa na mlango wenye bawaba pande zote mbili, ambao hata ukiufungua unabaki umefungwa. Kulikuwa na mto mwembamba uliokuwa ukipanda. Mchoraji hakuwahi kuchora vizuri namna ile. Mistari yake ilikuwa imeacha kuomba radhi.

Kisha ikaja karatasi yenye watu. Walikuwa wameketi kuzunguka moto mdogo, na mmoja wao alikuwa mwanamke mnene mwenye miwani iliyofungwa uzi. Mhariri aliitazama ile miwani mpaka mkate wake ukakauka.

"Shemeji, huyu mama ni nani?"

"Anasema alikuwa mpiga chapa wa kampuni. Anauliza kikombe chake chenye mpini uliobanduka bado kipo?"

Kikombe kilikuwepo. Mhariri mwenyewe alikinywea chai. Alipoajiriwa aliambiwa kwamba mpiga chapa aliacha kazi bila kuaga, na watu walimsema sana kwa hilo.

"Amefikaje huko?"

Sauti mbili zilinong'onezana chini. "Aliandika muswada," alisema mchoraji. "*Soko la Sauti*. Watu wanauza sauti zao na kununua za wengine. Walikuwa katikati ya mchezo, yeye yuko ndani ya ghala la soko, umeme ukakatika. Bosi akasema waache pale. Wengine hapa ni hivyo hivyo. Kuna bwana mmoja alikuwa dereva wa kampuni, aliandika kuhusu daraja. Kuna wawili waliotuma miswada kutoka nje, wakaja siku moja tu kucheza. Huku chini miswada yote imeungana, shemeji. Ukitoka kwenye mlima wangu unaingia kwenye soko la mama."

"Na dadu zao?"

Swali hilo lilijibiwa na mama wa usafi, aliyekuwa anafuta dirisha. "Kabati hilo linavuma tangu niajiriwe," alisema. "Nilidhani ni panya."

Walilivuta kabati pamoja. Nyuma yake, kwenye vumbi, palikuwa na dadu kama konzi ya maharage, za rangi zote, kila moja imesimama juu ya ncha yake inazunguka. Zilivuma kama nyuki walio mbali. Mhariri alizitazama kwa muda. Moja, ya kijani, ilikuwa imechimba kishimo kwenye sakafu.

"Nizifagie?" aliuliza mama wa usafi.

"Usizifagie."

"Basi rudisha kabati, mtu asijikwae."

Wakalirudisha.

Mhariri alikwenda kwa mkurugenzi. Alimkuta anatazama michoro iliyotoka chini, ameitandaza mezani kama mtu anayechagua kitambaa cha suti.

"Kijana amekomaa," alisema mkurugenzi. "Hebu ona huu upepo. Tutauweka kwenye *Joka la Saba*."

"Huo upepo uko kwenye mlima wake, bosi. Hakuna joka mle."

"Tutaliweka. Hapa pembeni pana nafasi." Aliweka kidole. "Tangu ashuke anafanya kazi ya watu watatu. Hachelewi, haombi ruhusa, hasumbui mtu."

"Nimekuja kwa hilo. Tukae tumalize ule mchezo. Ni kazi ya asubuhi moja."

Mkurugenzi akafunga kalamu yake. Alikuwa mtu mpole, na upole wake ulikuwa kama godoro: ukilipiga ngumi, ni mkono wako unaozama.

"Unajua desturi ya marehemu baba. Tukikimaliza, lazima nimwambie ndiyo au hapana siku hiyo hiyo. Ndiyo siwezi. Wenye-Maduka amepiga hesabu zake, kitabu cha mlima mtupu hakina rafu ya kukaa. Sasa unataka nimwambie hapana? Mtu aliyetuchorea vitabu sita? Shemeji yako mwenyewe?"

"Ingekuwa hapana, angetoka."

"Hapana ni neno zito. Mimi sijawahi kumwambia mwandishi yeyote hapana tangu nikalie kiti hiki. Muulize yeyote." Alisema hivyo kwa fahari, na ilikuwa kweli. "Mwambie kitabu chake kipo kwenye mpango."

"Mpango gani?"

"Mpango," alisema mkurugenzi, akarudi kwenye michoro.

Mhariri alishuka chini ya meza na kulifikisha neno. Kikatoka kicheko, na hakikuwa cha mtu mmoja.

"Mama mpiga chapa anasema na yeye yupo humo," alisema mchoraji. "Anasema ni mpango mpana sana."

*Joka la Saba* lilitoka kabla shule hazijafungwa. Wenye maduka waliagiza tena, wakaagiza tena. Wanunuzi walisema kitu kimoja, kwamba safari hii joka ni la kawaida lakini nyuma yake kuna mahali ambapo mtu angependa kwenda. Wenye-Maduka aliyasoma maneno hayo kikaoni kwa sauti, akafika mwisho, akasema maana yake wanataka joka kubwa zaidi.

Dada yake mhariri alipoona kitabu dukani aliruka kurasa zote hadi kwenye mto unaopanda. Alikiacha kwenye rafu akaja ofisini moja kwa moja.

"Kaka, sasa hawatamtoa kamwe," alisema. "Nani humwachia ng'ombe wa maziwa aende zake?"

"Nipe muda."

"Ngoja ngoja huumiza matumbo, na tumbo ni langu. Wewe si ndiye msimulizi? Wewe ndiye uliyewaingiza. Basi simulia."

Neno hilo lilimkaa mhariri. Alirudi mezani kwake, akavuta karatasi mpya, akaandika juu kabisa, kwa herufi kubwa: *Joka la Nane*. Chini yake akaunakili *Mlima Usio na Mgongo* wote, neno kwa neno, mji, mto, ngazi iliyovunjika. Mwishoni aliongeza kwamba upande wa pili, karibu na mto, kuna joka limelala. Hakusema lina ukubwa gani. Kampuni nzima ilijua kuwa mkurugenzi husoma jalada na Wenye-Maduka husoma jina, na mhariri aliyefanya kazi miaka mingi mahali pamoja hujifunza kuandikia wasomaji wake.

Jumanne ikafika.

"Maji au mchanga?" aliuliza mama wa usafi.

"Joka," alisema mhariri.

"Joka hukaa wapi?"

"Mlimani."

Mama wa usafi alimtazama, akatazama glasi iliyofunika dadu, akaenda kuchukua kitambaa cha vumbi. Aliporudi aliitoa ile glasi bila kuambiwa.

Walikaa watatu, na kiti cha nne wazi mahali pake. Mhariri akasoma. Kuta zikawa mwamba. Mkurugenzi alivaa mzee wa mji, Wenye-Maduka akavaa muuza mafuta, na hakuna aliyeona ajabu, kwa vile katika vitabu saba vya majoka siku zote palikuwa na mzee wa mji na mtu wa kuuza kitu. Walipofika kwenye mwanya, mhariri akafungua ukurasa.

"Mchimbaji mmoja ametangulia na taa," akasoma. "Upepo unatoka ndani."

Dadu ilianza kupunguza mwendo. Iliyumba kama mlevi anayetafuta ufunguo. Dada yake mhariri, aliyekuwa mlangoni na kikapu, alishika fremu kwa mikono miwili.

"Joka lenyewe lina ukubwa gani?" aliuliza Wenye-Maduka. "Wenye maduka watataka kujua."

"Haionekani kutoka nje."

"Basi naingia kidogo nilione. Mtu wangu si ana mafuta? Hawezi kukosa mwanga."

"Rusha dadu," alisema mhariri.

Wenye-Maduka akarusha yake, akainama, akaingia chini ya meza. Na hapo dadu ya kwanza, ile ya mchoraji, ikaanguka. Ilikuwa tano. Taa ilikuwa imedumu.

Mchoraji alitoka upande wa pili wa meza, mweupe wa vumbi kuanzia kope hadi viatu, ameshika taa kwa mkono mmoja na rundo la karatasi kwa mwingine. Alipishana na Wenye-Maduka kwenye mwanya, wakasalimiana. Alijinyoosha mgongo, ukalia, akakaa kwenye kiti chake.

"Umechelewa," alisema mkurugenzi, si kwa ukali.

"Njia ilikuwa ndefu, bosi."

Mke wake alikuja akasimama nyuma ya kiti. Hakulia wala hakupiga kelele. Alimpangusa vumbi sikio moja, kisha la pili, kwa ncha ya kanga, akirudiarudia, kama mtu anayehakikisha kuwa sikio ni lile lile.

"Tuendelee," alisema mhariri. "Tumalize. Kuna ngazi, halafu ukumbi, halafu mto. Tukifika mtoni mchezo umekwisha."

Simu ya mkurugenzi ikalia. Alikuwa msimamizi wa kiwanda cha uchapaji. Mashine zimewashwa, alitaka kujua rangi ya jalada la *Joka la Nane*.

Mkurugenzi akasukuma kiti nyuma. "Tuache hapa."

"Bado mtu yuko ndani," alisema mhariri. Alisema, lakini kwa sauti ya mtu ambaye shemeji yake ameshatoka.

"Atatoka tukirudi."

Mwamba ulirudi kuwa ukuta. Mwanya ulibaki. Mbele ya kiti cha Wenye-Maduka dadu ilikuwa inazunguka juu ya ncha yake, laini, bila haraka. Mama wa usafi aliitazama, akatazama glasi iliyokuwa bado mkononi mwake, akaifunika.

"Bosi," alisema mchoraji kabla mkurugenzi hajafika mlangoni. "Na kitabu changu?"

"Kipo kwenye mpango," alisema mkurugenzi, akampiga bega kwa upendo, vumbi likaruka.

Mchoraji alipumzika nyumbani siku kadhaa. Alipochunguza, aliona amekatwa likizo yote ya mwaka, kwa maelezo kuwa hakuonekana mezani kwake. Hakubisha. Alimfundisha mwanawe kutembea kwa vidole penye upepo uliolala, akarudi kazini.

Mke wa Wenye-Maduka alifika ofisini siku ya pili, amevaa vizuri, amebeba chupa ya chai na mkoba wa ngozi. Alimkuta dada yake mhariri amekuja kuchukua kamba yake. Wanawake hao wawili hawakuwa wamewahi kuonana.

"Ndiye huyo?" aliuliza mke wa Wenye-Maduka, akionyesha sakafu.

"Ndiye. Mchimba kisima huingia mwenyewe, ndivyo alivyokuwa akimwambia wangu." Dada yake mhariri aliona mwenzake anashika kamba aifunge shingoni mwa chupa, akaipokea chupa. "Usiifunge hapo shingoni, shoga, itapinduka. Funga hapa, kwenye mpini. Halafu shusha taratibu mpaka uhisi amepokea. Na mkoba huo uache nyumbani, utaharibika. Chukua kikapu changu."

"Na wewe?"

"Mimi cha nini tena?" alisema, akamwachia na kamba.

Jumanne iliyofuata walikutana kukata shauri la kitabu kitakachofuata. Miswada ilikuwa miwili: *Joka la Tisa*, ambalo halikuwa limeandikwa bado, na muswada wa mgeni mmoja kuhusu mnara wa saa ambao kila saa yake ina hali yake ya hewa. Mgeni mwenyewe alikuwa amekaa kwenye korido, amevaa shati lililopigwa pasi, anasubiri kuitwa kucheza.

Mkurugenzi akagonga meza kidogo. "Wenye-Maduka, unatusikia?"

"Nawasikia vizuri," ilisema sauti kutoka chini.

"Huko kukoje?" aliuliza mhariri, kabla hajajizuia.

"Kukubwa. Sikutegemea. Kuna mto unapanda, nimekunywa maji yake. Na kuna watu. Nilijaribu kuwauliza wangependa kununua kitu gani. Wao wananiuliza vitabu vyao vinatoka lini."

"Waambie vipo kwenye mpango," alisema mkurugenzi.

"Nimewaambia."

"Wamesemaje?"

"Wamenisogezea nafasi kwenye moto."

Mkurugenzi aliandika kitu, akakifuta. Nyuma ya kabati, kwa aliyetega sikio, palivuma. "Tusipoteze muda," alisema. "Nani anaunga mkono *Joka la Tisa*?"

Aliinua mkono wake mwenyewe. Mchoraji alitazama dirishani. Mhariri alikuwa na kikombe chenye mpini uliobanduka, na kikombe cha namna hiyo hushikwa kwa mikono miwili, kwa hiyo hakuinua wowote. Mkono mmoja haukutosha.

Kisha mkono ukatoka kwenye mwanya chini ya meza. Ulipita katikati ya magoti ya watu, mweupe wa vumbi, kucha zimevunjika, kiganja kina malengelenge mapya. Ulinyooka hadi juu ya ukingo wa meza na kusimama hapo wima, mbele ya glasi.

"Wenye maduka wanataka joka," ilisema sauti.

"Limepita," alisema mkurugenzi. Akamgeukia mhariri. "Mwite huyo wa mnara. Tumchezeshe kidogo kabla ya chai."

Mama wa usafi akachungulia mlangoni.

"Mvua na jua," mhariri alimjibu kabla hajauliza. "Vyote."

Mchoraji akachonga penseli, akaanza na mkia.